Baba Mkwe Anaanika Mawe ya Laptop Pamoja na Omena

Mpendwa Mama Valary,

Nisaidie tafadhali, kwa maana kichwa changu sasa kimejaa kuliko hii mashine yenyewe na sijui nianzie wapi, lakini nitaanza na laptop kwa sababu ndiyo inayoonekana.

Mimi ni mke wa mtu hapa Muhuru Bay, nilizaliwa Ukuriani nikaolewa na Mjaluo anayeitwa Jacktone, ambaye kazi yake iko Homa Bay mjini na huja nyumbani mwisho wa mwezi, kwa hiyo hapa bomani tumebaki mimi, watoto, na baba mkwe wangu Mzee Elkana, ambaye mke wake alifariki miaka minne iliyopita. Asubuhi mimi ni wa omena, dagaa wa ziwa letu, kuanika na kugeuza na kuuza, na alasiri huyu mzee, aliyekuwa karani wa mizani ya samaki miaka thelathini na hawezi kuona kitu bila kukiandika, hunisimulia habari za ukoo wao nami napiga chapa, kwa sababu macho yake yameingia ukungu na anataka kitabu kitoke akiwa hai akishike kwa mkono wake mwenyewe, si kisomwe na watu kwenye matanga yake. Tumefika ukurasa wa mia na sitini na nane. Tulianza na babu yao aliyekuja huku na ng'ombe mmoja tena kipofu, tukapita njaa, nzige, wake wanne wa babu na ugomvi wao, mpaka sasa imebaki sura moja tu, nayo ni ya mke wake, mama mkwe wangu Damaris.

Laptop yenyewe ni ya zamani, Jacktone aliinunua ikiwa tayari imetumika, inaweza kuwa na miaka kumi na miwili, betri yake ni ile inayochomolewa kwa nyuma, na imekuwa goigoi namna kwamba ukibonyeza kuiwasha unaweza kwenda kugeuza omena za wavu mzima ukarudi ukaikuta bado inazungusha kale kaduara kake, ndiyo maana mimi siizimi, nikimaliza kazi naifunika tu. Nikibonyeza herufi inakuja baada ya mimi kusahau nilitaka kuandika nini. Na ukichomoa stima haidumu, dakika kumi na nane, ishirini ikiwa na huruma, halafu kioo kinakuwa cheusi mzee akiwa katikati ya neno.

Utaniuliza kwa nini nisichomeke ukutani. Mama, soketi iko ndani ya nyumba yangu, na mimi nilivyolelewa, mke wa mwana haketi ndani ya nyumba moja na baba mkwe wakapiga hadithi, na kwao hapa pia mzee haingii ovyo nyumba ya mwanawe, hasa mwenye nyumba akiwa safarini, basi tunakaa uwanjani, yeye kwenye kiti chake karibu na mlango wake, mimi kwenye kigoda hatua kadhaa kutoka kwake, laptop mapajani juu ya mto, na hapo uwanjani hakuna stima, kuna kuku.

Sasa soma nilichofanya, na usinichukie. Wiki sita zilizopita tulianza sura ya Mama Damaris. Mzee alikohoa, akasema, "Nyar Kuria," ndivyo anavyoniita, binti wa Wakuria, "leo uandike pole pole. Siku ya kwanza kumwona, alikuwa amesimama kwenye foleni ya mizani, ameshika kiatu kimoja." Nikaandika. Nikangoja, nikainua macho nikitaka kumwambia nimemaliza mstari, nikaona machozi yanamtoka, si yale ya uzee, machozi yenyewe, na mabega yanatikisika. Mama Valary, mimi sijawahi kumwona hata baba yangu mzazi akilia, sembuse baba mkwe. Niliona aibu kama mtu aliyefungua mlango wa bafu na kumbe kuna mtu ndani, na mkono wangu ukafunika laptop kabla sijaufikiria. Nikasema, "Pole Baba, imezima. Mawe yake yamechoka."

Haikuwa imezima. Ilikuwa na chaji.

Na nilisema mawe kwa sababu yeye lugha yake ni Kijaluo na yangu ni Kikuria, tunakutana kwenye Kiswahili katikati, na neno lililonijia ndilo hilo tunalotumia sote kwa betri za redio na tochi. Kesho yake asubuhi akaniomba nimpe laptop. "Uzime kabisa," akasema, "si kufunika. Mawe hayachomolewi redio ikiwa inaimba." Nikazima nikampa, nikaenda kuchota maji. Niliporudi nikakuta katikati ya wavu wangu, juu ya kipande cha gunia safi, omena kulia na omena kushoto, betri imelala juani, na mzee amekaa kando na fimbo anafukuza kunguru.

"Nyar Kuria, haya yalikuwa yameshika baridi tu," akaniambia. "Ya redio yangu nilikuwa naanika hivi hivi mwaka mzima kabla ninunue mengine. Wacha yaote mpaka saa saba."

Ningesema nini? Kumsahihisha mzee ni kazi, na kumsahihisha juu ya uongo wangu mwenyewe ni kazi mara mbili. Nikaenda kugeuza omena. Lakini sasa hapa ndipo akili yangu iliponiacha, kwa sababu alasiri ile nilipoirudisha betri na kuwasha, ile laptop ilikwenda mbio! Herufi zinakuja nikiziita, na chaji ikafika dakika ishirini na sita, nilihesabu. Mzee akanitazama kama daktari aliyeponya mgonjwa wake. Tangu siku hiyo kila asubuhi anaianika. Siku ya jua laptop inakwenda, na siku ya mvua asipoichomoa inakuwa goigoi vile vile. Nimejaribu kusema ni bahati lakini imetokea zaidi ya mara kumi, na mimi nimesoma mpaka kidato cha nne, sasa niamini nini? Na wiki hii imekuja shida nyingine, betri imevimba tumbo, haikai sawa mahali pake, laptop ikiwekwa mezani inayumba.

Nimeuliza watu. Wesley, fundi wa Migori, anasema niilete aipige format, afute kila kitu, itakuwa kama imetoka kiwandani. Jacktone kwa simu anasema nisiwe nachaji mpaka iishe kabisa ifike sifuri. Binamu yangu Terry, mwalimu huko Uriri, aliniambia niweke programu ya kusafisha, nikaiweka, sasa kila mara inalia kwamba imepata makosa elfu mbili, nami nikiangalia sioni hata moja. Nakala nyingine ya kitabu sina. Kiko humo humo.

Tumejaribu ile sura mara tatu tena. Mara mbili laptop ilizima kweli pale pale kwenye kiatu. Mara moja ni mimi. Kila mara mzee anasema, "Basi, leo imekataa. Kesho tuipe jua zaidi." Lakini tangu mvua zianze anakohoa, na jana alipoinuka kwenye kiti alishika ukuta.

Kwa hiyo naomba uniambie, jua linasaidia au linaharibu? Nikubali format? Nimwambie mzee kwamba nilidanganya, au ninyamaze tu ninunue betri nyingine yaishe? Kusema kweli sijui hata kama nauliza habari ya laptop.

Ni mimi,
Nyangi, Muhuru Bay

MAMA VALARY ANAJIBU

Nyangi binti yangu,

Wiki hii nimeletewa barua kumi na moja za waume waliopotea na moja ya laptop, na hii ya laptop ndiyo iliyonifanya niache chai ikapoa. Usidhani nitabahatisha. Kabla sijapewa ukurasa huu niliendesha kibanda cha kupiga chapa Homa Bay kwa miaka kumi na tisa, na nusu ya programu za mazishi za upande ule zilipita mikononi mwangu, kwa mashine zilizochoka kuliko hiyo yako.

Kwanza, weka gazeti chini. Tafuta flash, ya kuazima ikibidi, unakili kitabu cha mzee. Kisha ujitumie kwa barua pepe. Kurasa mia na sitini na nane mahali pamoja, Nyangi! Hata omena zako huziachi zote nje mvua ikinukia. Fanya hivyo, ndipo urudi tuzungumze.

Umerudi? Sawa. Jua halisaidii. Jua linaua. Mawe ya redio na betri ya laptop si ndugu, ni majina tu yamefanana kwa sababu ulikosa neno siku ile. Yale ya zamani yakipata joto yalikuwa yanaamka kidogo kabla ya kufa. Hii ya laptop, joto linaipika kutoka ndani, na hilo tumbo unaloliona ni gesi. Usiichaji tena. Usiikandamize irudi mahali pake, usiitoboe, usiitupe motoni wala ziwani. Iweke nje kivulini kwenye chungu chenye mchanga mkavu, mbali na nyumba na watoto, mpaka utakapompelekea fundi anayepokea betri zilizokufa. Laptop itafanya kazi bila betri mradi iko kwenye stima, na stima nitakueleza.

Sasa utasema, Mama, mbona ilikuwa inakwenda mbio? Kwa sababu ya mzee wako, lakini si kwa sababu ya jua. Soma barua yako mwenyewe. Wewe huizimi, unaifunika, na hata chaji ikiisha yenyewe husinzia tu na mizigo yake yote, haianzi upya. Miezi na miezi kila ulichokifungua bado kimefunguliwa huko ndani, kama jiko ambalo sufuria za juzi bado ziko mekoni na wewe unataka kupika chakula cha leo. Yeye akaja akasema uzime kabisa. Ukazima. Ikaamka mikono mitupu, ikakimbia, na kwa kuwa haikuhangaika sana hata chaji ikasogea mbele. Siku za mvua hakuianika, kwa hiyo hukuizima, ikarudi kuwa goigoi. Mzee alikuwa sahihi kwa neno moja na amekosea kwa jingine, na hilo linampata kila mtu. Kuanzia leo izime kila siku ukimaliza, na ikianza kuvuta miguu ibonyeze ile restart. Kama kuwasha ni safari, ingia kwenye orodha ya vinavyojiwasha vyenyewe uvipunguze, maana hiyo ndiyo inayokuzungushia kaduara.

Huyo Wesley si mwongo ila ana haraka. Kabla hajafuta chochote mwambie aifungue apulize feni. Laptop inayoishi kando ya nyavu za omena lazima ina magamba na vumbi tumboni, tena wewe unaipakata juu ya mto, umeiziba pumzi. Iweke juu ya sinia au kibao. Kisha aangalie kama diski yake ni ile ya zamani inayozunguka, aibadilishe na SSD. Hiyo peke yake itakurudishia mashine uliyosahau kuwa unayo. Nafasi ikiwepo aongeze na RAM. Format ni ya mwisho, nakala zikiwa mbili mkononi mwako. Jacktone mwambie ushauri wa kumaliza chaji mpaka sifuri ni wa betri za zamani. Ukipata mpya usiiache ife, ukiona imebaki kama robo irudishe kwenye stima, na punguza mwanga wa kioo. Programu ya Terry itoe leo. Kitu kinachopata makosa elfu mbili kwa laptop ya kuandikia hadithi za ukoo kinatafuta riziki.

Na hapa nitakukemea. Watu watatu wamekushauri, mmoja ana karakana, mmoja ana mshahara, mmoja ana cheti, na hakuna aliyekuambia neno extension. Waya, Nyangi! Waya mnene wa mita kumi na tano, kutoka soketi yako, upite dirishani, ufike kwenye kigoda chako. Mzee hataingia kwako, wewe hutaingia kwake, na kila mtu atakaa na heshima yake uwanjani. Mmestahiana mpaka mkasahau kwamba nyumba ina dirisha. Uupitishe juu, kuku wasiudonoe, na ukiona wingu uchomoe. Jacktone aulete mwisho wa mwezi, au mtumie ujumbe aupakie kwa gari la kesho, kwa sababu mimi nimesoma hapo uliposema mzee alishika ukuta.

Stima ikipotea, na itapotea, kuna kitu kinaitwa daftari. Kalamu haina chaji. Wewe umeacha mzee asubiri wiki sita kwa ajili ya betri ukiwa na daftari za watoto ndani ya nyumba, na hapo ndipo nilipojua kwamba barua hii si ya laptop, na wewe pia unajua, umeandika mwenyewe pale mwisho.

Nakuelewa, binti yangu. Usione aibu kwamba uliona aibu. Kwetu sisi chozi la mzee si la kutazamwa na mke wa mwanawe, na hakuna aliyekufundisha ufanye nini likianguka mbele yako. Mimi nilifundishwa na kazi. Watu walikuwa wanakuja kwenye kibanda changu kunisomea habari za marehemu wao nichape, na wanaume wazima, wengine machifu, wanafika kwenye jina la mke wanavunjika. Mwanzoni nilikuwa nafanya kama wewe. Ningesimama, ningesema wino umeisha, ningetoka nje kutafuta karatasi ambayo ilikuwa mezani. Baadaye nikajifunza kutazama kibodi. Hivyo tu. Unatazama vidole vyako, unaacha masikio yako pale pale, na mtu analia akiwa peke yake na hajaachwa. Akimaliza anaendelea, na wewe unaandika. Hujamwona, kwa hiyo hakuna aibu. Umemsikia, na hicho ndicho alichokijia.

Nimwambie au ninyamaze, unauliza. Utamwambia. Usifanye mkutano, usiite wazee, usipige magoti. Mwambie, "Baba, kumbe lile jua linavimbisha mawe, tuliache. Lakini ulikuwa sahihi kuhusu kuzima." Mpe haki yake kwanza. Kisha useme, "Na siku ile haikuwa imezima. Niliifunika mimi." Usieleze zaidi.

Wala usiogope sana atakachosema. Huyo alikuwa karani wa mizani miaka thelathini. Watu walikuja mbele yake na samaki waliotiwa mawe tumboni, na vidole vilivyofichwa vikivuta beseni chini. Unadhani hakuuona mkono wako ukifunika laptop hatua chache kutoka usoni pake? Mimi sikuwepo, siwezi kuapa. Lakini najiuliza kama yule mzee anakaa juani kila asubuhi na fimbo yake kwa sababu anaamini jua, au kwa sababu uliumba uongo mdogo wa kumstahi, naye akaamua kuulinda usiaibike wewe. Ikiwa ni hivyo, basi mmekuwa mkifichana wiki sita, kila mmoja kwa kumpenda mwenzake, na kazi imesimama kwenye kiatu kimoja.

Kwa hiyo usingoje betri mpya. Usingoje SSD wala mwisho wa mwezi. Waya haujafika, chukua daftari. Kesho alasiri keti kwenye kigoda chako, macho kwenye vidole, umsomee mstari wa mwisho kama ulivyouandika: alikuwa amesimama kwenye foleni ya mizani, ameshika kiatu kimoja. Halafu nyamaza. Akilia, wewe nyamaza tu, usifunike kitu.

Akimaliza, niandikie. Nimekuwa na barua yako tangu Jumatatu na nimeshindwa kuiweka kwenye faili, kwa sababu na mimi nataka kujua kiatu cha pili kilikuwa wapi.

Mama Valary